Sura Iliyongoja Jumatatu

Mimi ndiye niliyekataa kumsomea dada yangu. Nalisema mapema, usije ukaanza kunionea huruma halafu ukajuta.

Naitwa Dolina. Nina miaka sitini na sita, naishi kisiwa cha Lewis katika nyumba ile ile niliyozaliwa, na kazi yangu ni kuandika hadithi za mapenzi. Si mapenzi ya hivi hivi. Mwanamke wa leo anapita mlango, anajikuta Uskoti ya zamani, anampenda mwanaume wa huko, kisha miaka mia tatu inawatenganisha. Nimeandika vitabu sita vya mwanamke mmoja, Marsaili, dereva wa basi kutoka Glasgow. Huku kisiwani kwetu, nyikani, kuna vibanda vya mawe ambamo bibi zetu walikaa kiangazi wakichunga ng'ombe. Marsaili anainama kuingia kwenye kimoja kilichobomoka, anatokea mwaka 1684. Huko yuko Eachann, anayeswaga ng'ombe kwenda minadani, mrefu, mkimya, mikono kama majembe. Kwenye jalada hana shati. Sikumvua mimi hilo shati, ni hao wachapishaji wa Edinburgh. Kwa baridi yetu hii angekufa na nimonia ukurasa wa kumi.

Kijijini hakuna anayesoma vitabu vyangu. Ndivyo wanavyosema. Lakini nikimuua mtu kwenye kitabu, wiki inayofuata mama wa dukani ananirudishia chenji bila kunitazama usoni.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa dada yangu Hectorina. Sisi tulimwita Rina. Alinizidi miaka kumi na miwili na alikuwa mtu wa kanisa hasa, kanisa letu la zamani lisilo na kinanda wala masihara. Jumapili nyumbani kwetu hata kiazi hakimenywi, kinamenywa Jumamosi. Nguo haianikwi, redio haiwashwi, na kitabu kinachofunguliwa ni kimoja tu. Mimi kanisa niliachana nalo nikiwa na miaka ishirini. Kuna Jumapili moja nilianika mashuka makusudi, upande wa barabarani, watu wakipita kwenda ibadani na nguo zao nyeusi. Rina hakunisemesha mpaka Jumatano. Mimi nami sikuomba radhi, maana kichwa changu ni kigumu kuliko chake.

Ila Jumatatu mpaka Jumamosi, saa tisa alasiri, baada ya chai, nilimsomea nilichoandika siku hiyo. Alikaa na sindano zake za kufumia soksi, anajifanya hasikilizi.

"Hapo umedanganya," angesema. "Mwanaume wa mwaka 1684 alikuwa na meno yote hayo ya kutabasamia?"

"Alikuwa anakula vizuri."

"Alikuwa anakula uji wa shayiri na upepo. Mtoe mawili ya mbele."

"Rina, wasomaji hawataki mapengo."

"Basi afunge mdomo."

Tukifika kwenye yale mambo, alikuwa anainua sindano moja juu kama askari wa barabarani. "Ruka hapo." Naruka. Napita ukurasa mzima. Kisha ananiambia, macho yako kwenye soksi, "Umeruka sana. Rudi kidogo."

Sasa nikueleze kwa nini kitabu cha sita kilinitoa jasho.

Mwaka 1964 Rina alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alikuwa na mchumba, Calum Iain, fundi seremala. Calum Iain akaenda Kanada, akapata kazi, akamtumia tiketi ya meli. Mama yetu alikuwa amekufa Februari ile. Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, tunamwona mara mbili kwa mwaka. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mipango ilikuwa nihamie kwa shangazi mjini Stornoway. Asubuhi ya safari nililala juu ya sanduku la Rina, nikalikumbatia, nikasema siondoki. Walijaribu kunivuta. Nikamng'ata shangazi. Basi la kwenda bandarini likapiga honi pale barabarani, likapiga tena, likaondoka. Rina akafungua sanduku akarudisha nguo kabatini, moja moja, akaniuliza kama nimekula.

Hakuolewa. Calum Iain alioa huko huko miaka minne baadaye. Katika miaka hamsini na mitano hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Sisi watu wa huku tunaweza kuzungumzia hali ya hewa mpaka jeneza lifungwe.

Ndiyo, Eachann ni Calum Iain. Rina alijua tangu kitabu cha kwanza. Alisema tu, "Huyu jamaa anashika nyundo kwa mkono wa kushoto kama mtu fulani," akaendelea kufuma.

Katika kitabu cha sita Marsaili amerudi Glasgow. Wazazi wake wamekufa na ana mdogo wake wa kumlea. Nilimfanya mdogo huyo kuwa mvulana wa miaka minane ili Rina asinigundue. Alinigundua ukurasa wa tatu. Kile kibanda nyikani kinakaribia kuporomoka, mlango utafunguka mara moja tu, mara ya mwisho. Marsaili aende kwa Eachann, au abaki na mtoto?

Hapo ndipo Rina akaugua. Saratani ya kongosho. Daktari alisema miezi mitatu, na Rina akamwambia asante kama vile amepewa risiti. Tukahamishia kitanda chake chumba cha mbele, karibu na moto, auone mlima. Muuguzi wa wilaya alikuja kila asubuhi, mchungaji kila baada ya siku mbili. Na saa tisa nilisoma.

Nilisoma mpaka kikabaki sura moja. Hapo nikakwama wiki tatu nzima. Mhariri wangu alipiga simu kutoka Edinburgh, "Dolina mpenzi, aende tu, wasomaji watatuua." Rahisi kwake kusema. Mimi nilikuwa na msomaji mmoja chumba cha pili, anapungua kila siku. Nikiandika kwamba Marsaili alibaki, namwambia dada yangu kuwa maisha yake ndiyo yaliyostahili, kunifulia, kunilisha, kunisomesha mpaka chuo. Nani amenipa haki ya kusema hivyo? Nikiandika kwamba alienda, namwambia alikosea, na kosa lenyewe ni mimi nimekaa hapa na kikombe cha chai.

"Bado tu?" aliniuliza kila siku.

"Bado."

"Mungu aliumba dunia kwa siku sita, Doli. Wewe sura moja."

"Yeye hakuwa na mhariri."

Alicheka, akashika ubavu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Fanya haraka, mdogo wangu. Nataka kujua."

Nilimaliza Jumamosi saa kumi na moja jioni. Nilichagua aende. Niliandika kwamba ni yule mtoto mwenyewe anayemshika dada yake mkono, anamfikisha mlangoni, anamwambia nenda, mimi nitakula kwa shangazi, nenda. Nililia nikiandika, sioni aibu kusema. Ilikuwa ndiyo samahani yangu. Sikuwa na njia nyingine ya kuisema.

Nilipoingia chumbani na karatasi, Rina alikuwa amepewa dawa, amelala fofofo. Nikakaa naye mpaka nikachoka, nikaenda kumenya viazi vya kesho.

Jumapili aliamka akiwa na akili timamu kabisa. Alikunywa supu vijiko vitatu. Kanisani walikuwa bado hawajatoka, barabara tupu, kimya. Akanigeukia.

"Doli, lete zile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mjinga. Umemaliza jana. Nilisikia printa inalalamika huko."

"Leo Jumapili, dada."

"Najua leo ni siku gani. Nilizijua kabla hujazaliwa."

Nikabaki nimeshika bakuli. Nikuambie ukweli wote wa kilichonipita kichwani, maana nimekuwa na muda wa kuuchambua. Nilidhani ni dawa inayoongea. Nilidhani Jumatatu ataamka, akumbuke kwamba alisikiliza hadithi ya mapenzi siku ya Sabato, na aibu hiyo imsumbue siku zake chache zilizobaki. Miaka yote ile nilimkejeli na Sabato yake, nikajiambia angalau mara hii moja niiheshimu. Nilijiona mwema, haki ya Mungu. Na chini ya wema huo nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimempa jibu la swali alilolibeba miaka hamsini na mitano, na sikutaka kuona uso wake akilipokea.

"Kesho," nikasema. "Kesho saa tisa nitakusomea yote, hata sehemu za kuruka."

"Basi niambie tu. Alienda au hakwenda?"

"Rina."

"Neno moja, Doli. Neno moja si kusoma."

Nje gari likaingia getini. Ni mchungaji, ametoka ibadani moja kwa moja. Na mimi, mtu mzima hovyo, nilifurahi kulisikia.

"Huyo mchungaji amefika. Unataka akukute na Eachann kitandani?"

Alicheka. Nashukuru kwamba alicheka. Akanitazama kidogo, jinsi alivyonitazama nikiwa mtoto nimedanganya na yeye ameamua kuliacha lipite, akageuza uso dirishani.

"Haya, mdogo wangu. Kesho."

Mchungaji akaingia, akamsomea zaburi, akaomba, akaondoka. Rina akasinzia. Saa kumi na moja kasoro nilikwenda nje kuchukua makaa ya kuongeza moto, na niliporudi na ndoo nikajua kabla sijafika kitandani. Nilimwita hata hivyo. Nilimwita kwa sauti ya hasira, kama mtu aliyechelewa basi kwa uzembe wake.

Jumatatu nyumba ikajaa. Ndivyo tunavyofanya huku: mwili unakaa nyumbani, majirani wanaleta viti vya kanisa, wanawake wanaleta sandwichi na keki, wanaume wanakaa ukutani na kofia magotini, na zaburi zinaimbwa bila ala yoyote, mmoja anaanzisha mstari na wengine wanaupokea. Walinikumbatia wote. Hata yule mama wa dukani. Mimi nilikuwa natazama saa.

Saa tisa kamili nilichukua karatasi zangu nikaenda mpaka mlango wa chumba cha mbele. Watu kumi na wanne wamezunguka jeneza, wanaimba. Ningewaambiaje? Samahani, pisheni, Marsaili anasubiri? Nikageuka, nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko na karatasi mapajani.

Mchungaji akanikuta hapo. Ni kijana wa miaka thelathini na minne, ametoka kisiwa cha Skye, masikio makubwa, mpole mno kwa kazi ile. Alikuwa amekuja kutafuta maji.

"Hizo ni za mazishi, mama Dolina?"

"Ni upuuzi wangu," nikasema. "Sura ya mwisho. Nilimwambia ningemsomea leo saa tisa."

Akavuta kiti. Nikamweleza, sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza, na aliyekuwepo siku zote alikuwa chumba cha pili na mikono imekunjwa. Nikamwambia aliomba Jumapili, mimi nikakataa.

"Aliomba Jumapili?" akauliza. "Aliomba kweli?"

"Aliomba, lakini si yeye, ni dawa. Unajua zile dawa zinavyompeleka mtu. Rina mwenyewe asingethubutu. Leo angeona aibu kunitazama."

Aliinamia bilauri yake ya maji. Nikaona masikio yanabadilika rangi, na nikasema moyoni, huyu ana jambo na hajui kudanganya.

"Sema, mchungaji."

"Haikuwa dawa, mama."

"Unajuaje wewe?"

"Alhamisi, ulipokwenda dukani. Aliniuliza kama ni dhambi kusikiliza hadithi siku ya Bwana, kwa mtu ambaye huenda hana Jumatatu. Alisema wewe uko mbioni kumaliza, na kama utamaliza Jumamosi, yeye hataweza kungoja. Nilimwambia si dhambi. Nilimwambia akuombe, hata kama mimi nimo humu, nitakaa nisikilize."

Chumba cha pili walikuwa wamefika mstari ule mrefu wa zaburi, sauti za wanaume zinashuka zote pamoja. Nilikuwa nakunja pembe ya ukurasa wa juu, naikunjua, naikunja tena.

"Alifurahi," akasema. "Alisema, basi nitamwomba Doli anisomee. Kwa sababu akishamaliza kusoma, kuna jambo nataka kumwambia."

"Jambo gani?"

"Hakuniambia."

"Jambo gani, mchungaji?"

"Mama, hakuniambia. Alisema ni la kwako."

Nikamwuliza tena. Nilimwuliza mara nne au tano, nimemshika mkono wa koti, kana kwamba amelificha mfukoni na nikimbana vya kutosha atalitoa. Kijana wa watu akaanza kulia kabla yangu. Alikuwa ananiambia hajui, hajui, na mimi namwambia sema, sema tu, leo ni Jumatatu.