Siku Tulipotoa Meza Zetu

Mgeni akipita dirishani pa shule yetu atadhani kuna ugomvi ndani. Darasa la pili na la tatu wanakaa chumba kimoja, wamepeana migongo, kila upande na ubao wake na mwalimu wake, na walimu wote wawili wanapaza sauti kama wako mnadani. Mwanangu wa mwisho aliwahi kurudi nyumbani akaniambia saba mara nane ni mnyama anayenyonyesha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakasirika. Mimi ni fundi cherehani, na najua kitambaa cha gauni moja hakitoi mawili.

Ndiyo maana kampuni moja ya vifaa vya ujenzi ilipotuahidi mabati na saruji ya chumba kipya, mimi mwenyekiti wa kikundi cha wazazi nilijiona nimeshahamia. Sharti lao lilikuwa moja: kikundi kiwe na cheti cha msamaha wa kodi, kuonyesha kwamba hatupo kwa kujinufaisha. Nikasema hilo dogo. Anayejinufaisha ni nani? Tuna turubai, viti vya plastiki na meza tunazokodisha kwenye shughuli za watu, na kinachopatikana kinanunua chaki, pamoja na madaftari ya watoto ambao kwao mambo ni magumu.

Ofisi ya kodi ilikuwa ghorofani, na feni yake ilizunguka bila kuleta upepo. Ofisa, dada mmoja mpole, aliisoma katiba yetu taratibu mpaka kifungu cha mwisho, akakwama hapo. Kifungu kilisema kikundi kikivunjwa, kila mwanachama atachukua fungu lake.

Kusema kweli, hicho ndicho kifungu tulichokipigia makofi kuliko vyote. Sisi tumelelewa na vikundi vya kuweka na kukopeshana: mwisho wa mwaka mnagawana, mnanunuliana soda, mnaanza upya. Kikundi kisicho na mgao kwetu ni sherehe isiyo na chakula. Hatukujua kama mwisho unaweza kuandikwa kwa namna nyingine.

"Mama," ofisa akaniambia, "mali ikirudi kwa wanachama, siwezi kukupa msamaha. Andikeni iende shule, au kwa kikundi kingine kama chenu."

Nikaitisha mkutano. Wengi walinung'unika, wakakubali. Aliyegoma ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, fundi seremala na mweka hazina wetu. Huyu bwana hata msumari uliopinda hautupi. Anaunyoosha, anautia mfukoni. Meza zote za kukodisha alizitengeneza mwenyewe, kwa mbao zake. Akasema mbele ya watu kwamba jasho lake haliwezi kuandikiwa mtu mwingine yeye akiwa hai. Na katiba yetu, kwa uerevu wetu, haibadiliki mpaka wote wakubali. Nilitamani nimshone mdomo, lakini mtu mzima hatishiwi nyau.

Badala yake nikamwomba aje siku ya masomo akaze dawati lililolegea. Sikumwambia zaidi. Akaingia na bisibisi yake, akapiga magoti katikati ya yale madarasa mawili, mimi nikiwa mlangoni. Mjukuu wake alikuwa safu ya nyuma, karibu kabisa na migongo ya darasa la tatu. Mwalimu akauliza mvua inatoka wapi. Mtoto akanyoosha mkono juu kabisa, akasimama na kujibu, "Thelathini na sita."

Chumba kizima kikacheka, pande zote mbili. Mtoto akakaa, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa dawati. Shemeji hakucheka. Aliendelea kukaza lile dawati muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Tulipotoka nje akajipangusa vumbi magotini.

"Shemeji, lile jibu lilikuwa sahihi," akasema. "Ni la swali la upande wa pili."

"Najua, shemeji."

"Mtoto ana akili yule." Akatia bisibisi mfukoni. "Haya, andika. Na meza uziandike."

Tuliporudi ghorofani tulikuwa wawili. Ofisa akasoma kifungu kipya, akavuta cheti karibu, akashika kalamu. Kabla ya kutia sahihi alitaka kumsikia mweka hazina kwa mdomo wake mwenyewe: kikundi kikifa kesho, zile meza ni za nani? Nikamgeukia, maana namjua shemeji yangu.

Akajiweka sawa kitini.

"Nimezitengeneza mimi," akasema. Kalamu ikasimama hewani. "Mbao zangu, mikono yangu. Na si zangu."

Aliyasema kifua mbele, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mipaka ya shamba lake. Ofisa akatia sahihi. Tangu niolewe nimemsikia mzee huyu akijivunia kila alichonacho, na nimekuwa nikiguna pembeni. Siku hiyo nilimwambia ofisa, bila kuulizwa, kwamba huyu ni shemeji yangu.