Bajeti Isiyo na Wageni

Mimi sijawahi kushindwa kuishi peke yangu hata siku moja. Uliza mtu yeyote hapa Kibondo. Sijashindwa kwa sababu sijawahi kujaribu. Kwa baba yangu tulilala wasichana kibao kwenye mkeka mmoja, nikatoka hapo nikaolewa, mume akanijazia nyumba watoto, mume akafa, watoto wakatawanyika, na kabla kitanda hakijapoa mwanangu Elie akaniletea binti yake, bado ananyonya kidole, akasema, "Mama, nishikie huyu kidogo." Kidogo hicho kimefika mpaka leo.

Huyo ndiye Deborah. Alikulia mgongoni kwangu. Sasa mgongo umechoka, yeye ndiye anaubeba: anachota maji, anapeleka muhogo mashineni, ananisomea meseji za simu, hata zile za kuniambia nimeshinda gari.

Mwaka huu akapata nafasi chuo cha afya kule Kasulu. Barua ikasema bweni limejaa, mwanafunzi ajitafutie pa kulala.

"Haina shida, Bibi," akasema. "Nitapanga geto."

"Geto ndiyo nini?"

"Chumba, Bibi. Nakaa peke yangu."

"Peke yako na nani?"

"Na vitabu."

"Hivyo vitabu vinanyoa ndevu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa natazama ndoo za maji alizozipanga ukutani, nikajiuliza nani atazijaza.

Elie yuko Kahama, anauza vipuri vya pikipiki. Akapiga simu, akasema maneno ya mtu anayejua bei za vitu. "Mama, kodi naweza, na hela ya kula kidogo naweza. Ila sitaki apange chumba, halafu mwezi haujaisha anaomba unga kwa watu. Nakutumia hela ya mwezi mmoja. Aishi nayo hapo hapo kwako, peke yake, kama vile yuko Kasulu. Mwezi ukiisha wewe ndiye utaniambia. Ukisema ameweza, nalipa kodi. Ukisema hajaweza, basi asome cherehani hapo Kibondo, aendelee kulala kwako."

"Sawa, mwanangu," nikajibu kwa sauti ya hakimu. Hakuna aliyemuuliza hakimu kama anataka mshtakiwa aondoke.

Kwanza tulikwenda Kasulu kukiona hicho chumba. Magoti yangu hayajapata habari kwamba barabara imewekwa lami, yaliuma njia nzima. Chumba kiko nyuma ya duka la Mzee Khatibu, mtu wa pwani wa asili, mpole, anayeongea kama anakupimia sukari. Kidirisha kimoja, sakafu ya saruji, msumari wa kutundikia nguo. Deborah alisimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili, haikugusa ukuta. Akageuka kunitazama. Uso ule niliuona mara ya mwisho alipopewa viatu vyake vya kwanza.

"Hapa pana usalama, bi mkubwa," Mzee Khatibu akaniambia. "Geti tunafunga mapema."

Mkewe, Faudhia, akamuuliza Deborah, "Umeshajipangia matumizi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Nimeandika kwenye simu." Akasoma: kodi, umeme, unga, maharage, dagaa, mafuta ya mawese, mkaa, sabuni, nauli, vocha.

"Chumvi?" Faudhia akauliza.

"Eh!"

"Kufuli? Kiberiti? Dekio?"

Deborah akaandika huku anacheka. Nilikuwa nimeona kitu kingine kilichokosekana, nikakiweka moyoni kama mtu anavyoficha ndizi mbivu. Katika bajeti ile yote hakukuwa na mtu mwingine. Hakukuwa na mgeni.

Mzee Khatibu akasema atatushikia chumba mpaka mwisho wa mwezi. Kuna mwanafunzi mwingine anakitaka. Siku hiyo ikifika bila hela, anampa huyo.

Tukarudi Kibondo, Deborah akahamia kile chumba cha uani alichokuwa anakaa baba yake kabla hajaoa. Sheria nilitunga mimi. Asiombe chochote nyumba kubwa, hata kaa la moto. Na yeye asinifanyie kazi yoyote, maana akiwa Kasulu hatanichotea maji wala kunifulia.

Niliiweka sheria hiyo ya pili nikidhani ni ya kumsaidia yeye.

Nenda bombani mwenyewe ukiwa na umri wangu ndipo utaijua. Nilikuwa nabeba ndoo nusu, nikifika nyumbani imebaki robo, nyingine iko kwenye gauni. Wanawake bombani wananipisha mbele, na kupishwa kunachosha kuliko foleni, maana lazima uwashukuru wote na kuulizwa mjukuu yuko wapi. Nikirudi napika ugali. Mkono wangu haujui ugali wa mtu mmoja. Naukanda, nautazama, unatosha watu wa kuchimba kaburi. Nakula pembeni kidogo, unaobaki wanakula kuku. Kuku wale walinenepa mwezi ule, wakaacha hata kunikimbia.

Deborah kule uani anaendelea vizuri. Vizuri mno. Maharage anayaloweka kwanza ili yasile mkaa. Unga anapima kwa kikombe, anakisawazisha kwa kisu. Mkaa ukishaivisha anaumwagia maji, anauanika, anautumia tena. Nikachungulia mfuko wake wa unga siku moja hayupo, bado umejaa, nikaona mtoto huyu ataondoka.

Nikapiga hodi saa ya chakula.

"Karibu, Bibi. Ila si ulisema hata chumvi tusiombane?"

"Sijaja kuomba chumvi. Nimekuja kuonja kama imekolea."

Akaninawisha. Sasa, huku kwetu Uha, mtu akikukuta sufuria iko jikoni, humwambii apite baadaye. Unamnawisha mikono, mnakula. Anayefunga mlango ndipo ale, majirani wanaanza kujiuliza usiku huwa anakwenda wapi. Deborah nilimlea mimi mwenyewe, hawezi kufunga mlango. Nilikula nusu ya chakula chake, nikamshukuru, nikarudi nyumba kubwa nimeshiba na wazo.

Jirani yangu Tharsisi anachonga mipini ya majembe. Mke wake alishafariki, anajipikia mwenyewe, na ukimwona alivyokonda utajua upishi wenyewe. Nikamfuata.

"Tharsisi, ukiona kitenge changu chekundu kimeanikwa kwenye kamba, ujue mtoto anapakua. Pita umsalimie."

"Nimsalimie tu?"

"Msalimie mpaka ushibe."

Akafikiri. Huyu mzee husikia anachotaka, lakini siku hiyo alisikia vyote. "Na kama umekifua tu? Nitakuja bure."

"Mimi nifue? Aliyekuwa ananifulia ni Deborah, na sasa haruhusiwi. Kikionekana kwenye kamba, njoo."

Alikuja. Mwanzo alikuja kwa aibu, baadaye akaja na kigoda chake, akakiacha kule kule. Nikamtuma Jeannette pia, jirani wa upande wa pili, anauza maandazi, ana mtoto mgongoni. Jeannette alikwenda mara moja tu, akarudi moja kwa moja kwangu.

"Mama Elie, mimi sirudi tena kule."

"Amekufukuza?"

"Angenifukuza ingekuwa nafuu. Amenipa bakuli lake, yeye akala kwenye mfuniko wa sufuria. Mwanangu akapewa dagaa wote. Huo utani wako utafute mwingine wa kukusaidia."

Nilitaka kuacha. Kweli kabisa nilitaka. Lakini asubuhi yake nilikwenda bombani, nikateleza kwenye tope, ndoo ikapasuka, nikakaa pale chini nimelowa huku watu wananiambia pole, pole, pole. Nikarudi mikono mitupu, nikaona moshi unatoka chumba cha uani. Nikachukua kitenge, nikakianika.

Mtoto akaanza kupungua. Uji wa asubuhi akauacha, akisema anaharakisha kusoma. Maharage yakawa na maji mengi. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lilinichosha zaidi ya ndoo. Angenitukana ningepata nguvu. Nilimuuliza, "Mambo yanakwendaje huko Kasulu?" maana ndivyo tulivyopaita kule uani. Akasema, "Safi tu, Bibi. Ila Kasulu ina wageni."

Siku ya mwisho wa mwezi moshi haukutoka. Nilisubiri, nikajitia natafuta kuku, nikapita mlangoni kwake. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mfuko wa unga umekung'utwa na kukunjwa vizuri pembeni yake.

"Umeisha?"

"Umeisha juzi, Bibi, jana nikamalizia maharage. Nimeshindwa. Baba akipiga umwambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hela haikufika mwisho wa mwezi. Ataelewa. Nitasoma cherehani." Akaangalia miguu yake. "Halafu Bibi, hiyo ndoo yako imepasuka tangu lini? Mbona hukuniambia?"

Nikasema nina kazi ndani, nikaondoka. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kitandani. Nilikuwa nimeshinda. Maji yatachotwa, meseji zitasomwa, ugali utakuwa wa watu wawili. Nilikaa na ushindi wangu hapo kitandani kama mtu aliyebebeshwa gunia na hajui pa kulitua.

Simu ikalia. Masikio yangu hayasikii simu ikiwa sikioni, lazima niiweke ile sauti ya kusikiwa na nyumba nzima. Elie alikuwa na haraka, pikipiki zinanguruma nyuma yake.

"Mama, shikamoo. Mzee Khatibu amenipigia. Yule mwanafunzi mwingine amefika na hela mkononi. Anataka jibu sasa hivi. Deborah ameweza au hajaweza?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo niliufungua kwa nia nzuri, nakuapia. Lakini macho yakaenda kwenye ndoo iliyopasuka.

"Marahaba, mwanangu. Hajaweza. Unga umeisha mapema."

Elie akauliza, "Hela haikutosha, au alitumia vibaya?"

"Wageni, mwanangu. Wageni wamemmaliza. Kila akipakua mtu huyo, hodi. Sijui walikuwa wanatokea wapi, mimi mguu wangu sijautoa nje ya nyumba hii."

"Wageni gani hao, Mama? Wanajuaje saa anayopakua?"

"Nitajuaje? Harufu labda."

Deborah akaingia. Mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, ana povu la sabuni. Akasimama mlangoni, akasubiri nimalize, na alikuwa mpole, mpole kupita kiasi.

"Samahani, Bibi, nimevunja sheria. Mwezi umeisha, nikaona nikufulie kile kitenge chako chekundu. Kinaanikwa kila siku, lakini kinanuka moshi."

Nilichungulia nje. Kitenge kilikuwa kwenye kamba, kimenyooshwa vizuri na kubanwa na vibanio kila upande, kinachuruzika maji, chekundu kama taa ya gari. Kilionekana mpaka kwa padri, wacha kwa Tharsisi.

"Mama?" Elie akaita. "Uko hapo?"

"Nipo, mwanangu. Kata tu, hela yako inaisha."

"Nina dakika nyingi. Niambie hao wageni ni akina nani."

Kikohozi kikasikika uani. Nikajaribu kuzima ile sauti kubwa, lakini vitufe vya simu hii vimetengenezwa kwa vidole vya watoto. Tharsisi alipita chumba cha Deborah, akakuta jiko limepoa, akaja nyumba kubwa na kigoda chake kwapani.

"Mama Elie!" Huwa anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. "Leo umenidanganya. Kitenge umekianika, mtoto hajapika!"

Pikipiki za Kahama zikanyamaza zote kwa pamoja, au mimi ndiye niliacha kuzisikia.

"Mama," Elie akasema taratibu. "Huyo ni nani?"

Nikamtazama Deborah. Alikuwa anafuta povu mikononi, kidole kimoja kimoja, hana haraka yoyote.

"Ni redio," nikasema.

Na redio ikaweka kigoda chini, ikakaa, ikauliza kama leo tunakula huku.