Zawadi za Kupeleka Usangi

Usiku wa kuamkia leo nililala na soksi zangu miguuni kwa uchovu, nikaota niko kazini bado, ila kazi yenyewe ilikuwa kununua zawadi.

Niko Tokyo, kwenye lile duka la karibu na stesheni linalouza vyakula na kazi za mikono za mkoa mmoja wa kaskazini, kule theluji inakoziba milango. Macho yakiwa wazi hulipita kila siku nikienda kuogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee. Sijawahi kuingia. Ndotoni naingia, na mlango unaniuliza namnunulia nani.

Nikaueleza kwamba nakwenda kwetu Usangi, milimani Upare, kumwona mama. Miaka saba sijamtia machoni, na yake macho yanaisha. "Mwanangu Namkunda, njoo ningali naona," aliniambia kwenye simu mwaka juzi. Lakini kwetu nchi yoyote ya kufikiwa kwa ndege ni Ulaya, na mtu hatoki Ulaya akaingia kwao mikono mitupu. Kila nikiorodhesha wa kupelekewa, orodha inazaa, na mwaka unapita. Kosa hilo nimelifanya mara saba, tena kwa utulivu.

Mlango ukasema pole, ukafunguka.

Kikapu cha duka kikanishika mkono. Naweka biskuti za mchele za shangazi, nacho kinauliza, "Na mume wa shangazi?" Naweka bakuli jekundu la mume wa shangazi, kinataka kujua kuhusu jirani aliyebeba jeneza la babu. Birika la chuma likanitahadharisha kwamba halipandi ndege, lina goti bovu. Figili za kuchachua, zilizolala kwenye mfuko wao, zikaniomba nisiziamshe. Niliziona zimejaliwa.

Napita kona ya tambi, na hapo ni migombani nyuma ya nyumba yetu. Rafu zimepangwa kati ya migomba. Ukoo mzima umesimama foleni kwa adabu, kila mmoja ana namba. Nyuma yao kabisa mama amekaa kwenye kigoda, amenielekezea uso lakini hanioni. Nataka kupita, foleni hainipishi mpaka kila mtu apate chake. Kipaza sauti kinatangaza kwamba duka linafungwa baada ya dakika tano.

"Na watoto waliozaliwa tangu uondoke?" kikapu kinauliza.

Nikaketi chini nikalia. Nilimlilia mama, na nililia pia kwa sababu nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli.

Kwenye rafu ya chini palikuwa na mwanasesere wa mbao, kichwa cha duara juu ya kiwiliwili cha duara, hana mikono. Kule kaskazini ndivyo wanavyowachonga tangu zamani. Akanitazama nilivyokuwa nalia, hakuonyesha kushangaa.

"Dada, mimi nilichongwa bila mikono," akasema. "Sijafika nyumba nikaulizwa nimebeba nini."

Nikamwambia kwake ni rahisi, yeye mwenyewe ndiye zawadi.

"Na wewe nani kakwambia si zawadi?"

Nikakiweka kikapu chini. Kikataja binamu wawili watatu, kisha kikasinzia.

Kaunta ikawa mbele yangu, na bibi mmoja mwenye aproni ya buluu akanieleza kwamba hapo hakitoki kitu bila kufungwa. Nikapanda juu, nikalala chali. Akanifunga kwa karatasi, kona juu ya kona, bila kukunjika popote, akinigeuza polepole nisiumie. Ndivyo ninavyowageuza wazee wangu kila siku, na sikuwahi kujua kwamba raha yake ni hiyo. Akaniuliza kama yupo wa kunipokea. Nikasema yupo. Karatasi ikanifunika macho.

Niliamka saa sita mchana, siku yangu ya mapumziko. Usangi ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Kwenye kifundo cha mkono wangu palikuwa na alama ya dole gumba ya wino wa zambarau, na katikati yake mstari mweupe. Mama hakusoma, kila anachopokea hukitilia dole gumba, na hilo dole lina kovu la panga tangu kabla sijazaliwa. Nikasugua kwa sabuni, haikutoka.

Nikampigia mdogo wangu Elieneza, anayekaa na mama. Nikamwambia nakuja mwezi huu, sina cha mtu yeyote, awaambie wote mapema wanune wamalize.

Akasema mama ameamka na wino kidoleni, haoni ni wa nini, na tangu alfajiri anamsumbua akafagie chumba changu.