Jani Lililoachwa Tupu

Katika mji wa Nurota kitambaa cha harusi hakimalizwi. Unadarizi maua yote, halafu unaacha jani moja tupu, ili maisha ya bibi harusi nayo yasifike mwisho. Ukilijaza, umeuita mkosi mwenyewe.

Kitambaa cha Oydin alikidarizi Sabohat, rafiki yake. Rafiki! Neno gani hilo? Siku moja sindano ilimchoma Sabohat kidoleni, Oydin akakinyonya kile kidole, kisha akambusu mdomoni. Miaka yote Sabohat alidhani ana moyo mgumu, wachumba anawaona kama magogo. Kumbe moyo ulikuwa unamngoja huyu.

"Huyo mwanamume wanayeniozesha simtaki," Oydin alimwambia.

"Basi tuondoke. Shangazi yangu aliyeko mjini Samarkandi atatupa kazi ya kudarizi."

"We! Mama atakufa."

"Hafi mtu. Asubuhi ya harusi nitakuja na nguo zangu. Nikikuta jani tupu, tunaondoka. Kama hunitaki, lijaze!"

Wakacheka. Msichana gani wa Nurota angethubutu kulijaza? Sabohat akalala usingizi mnono, mjinga wa watu.

Asubuhi alifika na furushi lake kwapani, akalitua mlangoni. Wanawake walikuwa wanakitundika kitambaa ukutani, na jani lilikuwa limejaa uzi wa kijani, mishono imepinda upande. Oydin hakuwahi kujua kunyoosha uzi.

"Yarabi!" mama yake Oydin akapiga ukelele. "Nani kamtakia mwanangu mabaya?"

Macho yote yakamgeukia Sabohat.

"Si huyu mdarizi? Kijicho hicho! Mwenzie anaolewa, yeye kadoda!" mwanamke mmoja akadakia.

Sabohat alimtazama Oydin. Neno moja tu lingetosha. Hata sasa, baada ya kukataliwa kwa sindano, bado alilingoja neno hilo.

"Sema, Oydin."

Oydin, kapambwa kapendeza, alikuwa anatazama zulia.

"Mama, msameheni," akasema. "Hakukusudia."

Loo! Bora angemtemea mate.

Wakamkalisha chini, wakampa mkasi afumue. Sabohat angeweza kusema kila kitu, lakini aliushika mkasi. Akafumua mishono ya Oydin mmoja mmoja, mpaka jani likawa tupu kama walivyoagana. Nje tarumbeta zikalia, bwana harusi kafika. Oydin akainuka, akalikiuka furushi la Sabohat pale mlangoni, akaenda.