Sindano Iliyoelekea Kifuani

Mtu mwenye dira mkononi, mwenye macho mazima na akili timamu, anawezaje kutembea kuelekea kusini kutwa nzima huku akiamini kwamba anakwenda mashariki?

Nilikuwa nimejiuliza hivyo kwa mwaka mzima na sikuwa na jibu. Kaka yangu, Andendekisye, alikuwa msimamizi wa wakata mikuza katika msitu wa mipaina nje ya Mafinga. Mkuza ni njia nyembamba iliyonyooka, inayogawa msitu vitalu, na anayeikata huitegemea dira kuliko macho yake, kwa kuwa miti ile ilipandwa kwa mistari na kila upande unafanana na mwingine. Juni 1974 alibaki nyuma peke yake kumalizia alama. Ukungu ukashuka. Akaanza kurudi barabarani, kilometa nne tu upande wa mashariki. Walimpata siku ya tatu, mbali sana kusini, ameketi ameegemea mti, amekufa kwa baridi. Nyayo zake hazikuzunguka kama za mtu aliyepotea, bali zilinyooka zikifuata safu moja ya miti. Alitembea kama mtu aliyeitwa na kuitika.

Chuo Kikuu, katika vipindi vya kusoma ramani, wenzangu waliichezea dira kama saa ya mkononi. Mimi sikuweza kuifungua bila kuhisi kwamba yuko mtu nyuma ya bega langu anayeisoma pamoja nami.

Julai 1975, nilipokuwa nyumbani Mbeya kwa likizo ndefu, nikapokea barua kutoka kwa Bwana Liberatus, mwenyekiti wa kijiji alikooa kaka yangu. Watu wake walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara kuu mwaka uliotangulia, lakini mashamba yao ya maharage yalibaki kwenye mahame, ng'ambo ya msitu. Kuuzunguka msitu kwa gari kulichukua nusu siku. Walitaka kufungua njia ya miguu inayopita katikati, na kwa kazi hiyo walihitaji dira moja, ya bei ndogo, itakayofaa ndani ya gari na kwa miguu. Waliomba niichague mimi. Sababu aliiandika wazi: tangu kifo cha Andendekisye hakuna mtu kijijini aliyekubali kugusa dira, na hawangeigusa mpaka iletwe na mtu wa damu yake.

Nilikuwa mwaka wa pili. Niliamini, na bado naamini, kwamba elimu ambayo haimfikii mkulima ni mali iliyoibwa. Nikakubali kabla sijaogopa.

Gari lililotumwa kunichukua lilikuwa Landrova kuukuu, na dereva wake alikuwa Budeba, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuja Usangu na ng'ombe. Nilimwomba kwanza anipeleke kwa Mzee Mika, ambaye ujana wake wote aliwabebea wapima ramani vyombo vyao, na uzeeni akafungua kiduka karibu na soko la Mbeya. Alikuwa na dira tatu. Akazipanga juu ya gunia.

Ya kwanza ilikuwa ya shaba, nzito, yenye tundu la kuchungulia. Mchango wa kijiji usingeinunua hata nusu. Ya pili ilikuwa ya gari, tufe la kioo lenye kimiminika, la kubandikwa mbele ya dereva. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya bati jepesi, yenye kifuniko na uzi wa kuvaa shingoni. Budeba aliipenda ile ya gari kwa sababu ilimeremeta, ingawa wakati huohuo alisema hana haja nayo.

"Sisi tulitoka Shinyanga na ng'ombe mia tatu mpaka Usangu," alisema, "na hakuna aliyeangalia kisahani."

"Ndiyo maana mlikuwa mnakwenda Tabora," Mzee Mika akajibu, "mkatokea kwetu."

Budeba alicheka kuliko sisi. Lakini mzee hakuwa na mzaha katika kazi. Alitutoa nje, akanionyesha ile dira ndogo tukiwa tumesimama uwanjani: sindano ilielekea mlima wa Loleza, kaskazini, kama ipasavyo. Kisha akaniambia niingie nayo ndani ya Landrova. Sindano ikayumba, ikageuka, ikatulia ikiielekea injini. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika kitabu, kwamba chuma huvuta sindano. Kuyaona yakitendeka kiganjani mwangu kulikuwa jambo jingine. Ilikuwa kama kumwona mtu unayemwamini akisema uongo bila kupepesa macho.

Mzee alieleza kwamba ile ya gari ina skrubu ndogo za kuirekebisha, lakini ukiing'oa na kutembea nayo itakudanganya. Hii ndogo itasema kweli popote, mradi anayeitumia akubali kusimamisha gari, kushuka, na kwenda mbali na chuma kabla ya kuisoma. Nikaichagua. Ilikuwa rahisi kuliko zote, na uaminifu wake ulitaka juhudi ya mtu tu.

Nikamuuliza kuhusu kaka yangu. Akataka kujua kama alikuwa ndani ya gari. Nikasema alikuwa kwa miguu. Akauliza kama kulikuwa na reli, au mashine ya kupasua mbao. Nikasema kulikuwa na miti peke yake. Akaishika ile dira muda mrefu, akaifunga kifuniko.

"Basi mimi sijui, mwanangu."

Tulifika kijijini siku iliyofuata. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, na harufu ya mipaina ilikuwa baridi, kama harufu ya dawa. Wifi yangu Lusia, mjane wa kaka, alinipokea kwa mikono miwili. "Kamwene, wifi," alinisalimu kwa lugha ya huko, kisha hakuniuliza habari za Mbeya wala za safari. Alitazama uzi uliokuwa shingoni mwangu. Niliona kwamba hakutaka kuitazama dira, na kwamba hakuweza kuacha kuitazama.

Ilikuwa lazima nione mahali alipofia. Lusia akasema atanipeleka asubuhi, kabla ya mkutano wa kijiji wa kuipokea dira. Tulipokuwa tunaondoka alichukua nyengo, lile panga lililopinda ncha ambalo watu wa huko hukatia matawi, akaitundika kwenye bega langu la kushoto, ubapa wake mpana ukalala juu ya kifua changu. Alikuwa na ya kwake vilevile. Akanieleza sababu kama mtu anavyoeleza sababu ya kuvaa viatu. Miti ile ilipopandwa, makaburi ya wazee yaliachwa humohumo, na mizizi ikayafunika. Tangu hapo wakata mikuza wa kijiji kile hawaingii bila chuma kifuani. Aliye chini husikia moyo unaodunda, akaufuata. Chuma huufunika moyo usisikike.

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini mikono yake ilikuwa ikiniweka sawa kamba begani kwa uangalifu wa mama anayemfunga mtoto leso, nikaiacha nyengo ilale pale alipoiweka.

Ndani ya msitu hakukuwa na ndege. Miti ilisimama safu kwa safu, na kila nilipogeuza kichwa safu nazo zilionekana kugeuka, zikifungua ushoroba mpya mrefu ulioishia katika weupe. Hatua zetu hazikutoa sauti juu ya majani ya mipaina yaliyokauka. Hata hivyo, mara mbili nilisikia hatua za mtu wa tatu. Lusia hakugeuka, nami sikumuuliza kama amesikia.

Alisimama kwenye mti mmoja usio na tofauti na mingine, isipokuwa msalaba mdogo uliochongwa kwenye gome.

"Alikuwa ameketi hapa," alisema. "Dira ilikuwa wazi mkononi mwake. Liberatus alipoinama kumtazama, aliona sindano inaelekea kifuani kwa marehemu, upande wa moyo. Wakamgeuza, ikamfuata. Liberatus akaichukua, ikamwelekea Liberatus moyoni. Akampa mwenzake, ikamwelekea na yeye. Kila aliyeishika, ilimwelekea yeye. Tukamzika nayo, wifi. Nani angeichukua?"

Sasa nafahamu kwamba hapo ningeweza kukaa chini na kufikiri. Sikufikiri. Niliketi alipoketi kaka yangu, nikaifungua dira mpya niliyoinunua Mbeya, ambayo hakuna maiti aliyewahi kuigusa. Sindano ikatetemeka. Ikaondoka polepole kwenye herufi yake ya kaskazini, ikapita upande wa kushoto, ikasimama ikinitazama moyoni.

Sitadai kwamba nilikuwa jasiri. Nilisimama nikageuka, ikanifuata. Nikapiga hatua kadhaa kuelekea upande ambao dira iliniambia ni mashariki, kuliko na barabara, na mwili wangu wote uliniambia niendelee, kwamba mbele kidogo tu kuna mtu ananingoja, ninayemjua. Lusia alinishika mkono.

"Wifi, barabara iko huko ulikotoka. Huko unakokwenda ni kusini."

Kusini. Nilitazama kifua changu. Ubapa wa nyengo ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye sindano. Nikaivua nyengo, nikaenda kuitundika kwenye tawi mbali, nikarudi pale pale msalabani. Sindano ikayumba, ikarudi nyumbani kwake kama mtu anayezinduka.

Nilipaswa kufurahi. Jibu nililolitafuta mwaka mzima lilikuwa mkononi mwangu, na lilikuwa jibu la kitabuni, safi kabisa. Kaka yangu hakuitwa na mtu. Alikuwa Mnyakyusa, mgeni katika nchi ile. Asingevaa chuma kifuani mwake kama hakuvikwa. Nikainua macho nikamwona Lusia ananitazama, kisha anaitazama nyengo kwenye tawi, na uso wake ukaanza kubadilika kabla sijasema neno.

"Siku zote alikataa kuivaa. Asubuhi ile nayo hakutaka kuichukua," alisema taratibu. "Alisema ni nzito. Nilimvika mimi."

Hakulia. Aliketi chini ya mti ule ule, mgongo wake pale palipokuwa na mgongo wa mumewe, ukungu ukipita kati yetu. Nilimwambia kwamba mkutanoni nitasema tu kuwa dira ile ya zamani ilikuwa mbovu. Ningesema hivyo kwa moyo mweupe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutaka kuificha kweli, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Lusia akatikisa kichwa. "Ukificha, kesho kutwa mwanamke mwingine atamvika mumewe. Sema yote. Sehemu yangu nitaisema mwenyewe."

Mkutano ulikuwa katika chumba cha darasa, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Niliweka dira juu ya meza ya mwalimu. Nikamwomba Bwana Liberatus aishike bila nyengo, kisha akiwa na nyengo kifuani, kisha bila tena. Aliyafanya hayo mara nne. Mara ya nne aliirudisha dira mezani haraka, kwa maana alikuwa amekumbuka siku ile msituni. Lusia akasimama akasema sehemu yake, kwa sentensi tatu, akakaa. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akamshika goti na hakumwachia tena.

Nilitegemea kwamba baada ya kuona kwa macho wangeridhika. Hawakuridhika. Bwana Liberatus alisema, kwa heshima, kwamba ameona nguvu ya chuma juu ya sindano na haikatai. Lakini mimi nilikuwa nimewaonyesha kwa nini dira ilidanganya. Sikuwa nimewaonyesha kwamba waliolala chini hawasikii. Mshika dira akivua chuma, atakwenda mashariki sawasawa, moyo wake ukidunda wazi juu ya makaburi. "Nimtume mtoto wa nani?" aliuliza. Budeba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinong'ona kwamba ng'ombe wangepita bila mkutano, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wote wakanitazama. Nilitafuta ndani yangu hoja ya darasani nikakuta hakuna, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia hatua za mtu wa tatu, na chuma kilikuwa kifuani mwangu wakati ule. Nilimwona Lusia akinitazama kama mtu anayeogopa nitakalolisema na anayelihitaji.

Nikasimama, nikawaambia:

"Dira hii nimeichagua mimi, na nitaishika mimi. Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwepo au usiwepo, nitatangulia msituni bila nyengo, bila kisu, bila chuma chochote kifuani. Ninyi mtakuja nyuma yangu na vyuma vyenu, mbali kama nitakavyowaonyesha. Mkiniona napinda, niiteni kwa jina langu, Atuganile, nami nitasimama."