Magoti ya Verlyn Yaliuma Tangu Lini

Kwa jina la Mola, aliyeziumba siku na kuzijua zote, ya kwanza na ya mwisho, twaanza.

Watu wa habari hii ni hawa. Verlyn Tollefson wa Minnesota, askari wa zamani wa miavuli, aliyeyaacha magoti yake jeshini. Ardis, mkewe. Na LaVonne Skaar, afisa wa wilaya awasimamiaye askari wastaafu katika madai yao.

Serikali ilikwisha kukiri kwamba Verlyn ni mlemavu. Lakini haki yake ya malipo iliihesabu tangu alipoanguka kwenye ngazi za kanisa, si tangu alipopeleka ombi, miaka mitatu kabla. Kisa? Kila daktari alipomuuliza hali, alijibu, "Si vibaya sana," na daktari akaandika vivyo hivyo.

"Mzee, umejichongea mwenyewe," LaVonne akamwambia.

"Basi tupeleke ombi jipya, yaishe."

"Thubutu! Ombi jipya huja na tarehe mpya. Ile ya zamani utakuwa umeizika kwa mkono wako. Tunakata rufaa."

"Watu watasema nina tamaa."

"Waseme!" Ardis akadakia. "Miaka mitatu nakufunga kamba za viatu, leo niambiwe ulikuwa mzima? Kwani nilikuwa nacheza?"

Hapo ndipo palipomchoma Ardis. Hakuwa tayari serikali iifute miaka ile kana kwamba haikuwapo. Akajiandikisha kuwa shahidi.

Siku ya rufaa jaji akatokea kwenye skrini.

"Mama, mumeo mwenyewe alisema si vibaya sana. Nimwamini nani?"

"Mheshimiwa, wewe mwenyeji wa wapi?"

"Florida."

"Ndiyo maana. Jirani yetu kimbunga kilimng'olea ghala na paa la nyumba. Tulipokwenda kumpa pole akatuambia, si vibaya sana. Huku kwetu, Mheshimiwa, hayo ni mayowe."

LaVonne akainamisha uso asicheke.

"Na wewe uliona nini kwa macho yako?"

"Tangu Pasaka ya mwaka ule wa ombi, hajapiga goti madhabahuni, mchungaji humletea mkate wa ushirika kitini. Ngazi za nyumbani hazipandi, hulala kwenye kochi. Na viatu, namfunga mimi."

Jaji akamgeukia Verlyn. "Ni kweli, bwana? Magoti yalikuwaje siku hizo?"

Verlyn akafumbua kinywa, na Ardis akaliona lile jibu la kila siku linakuja. Akamkazia macho.

"Yaliuma," akasema. "Yaliuma sana."

Katika ndoa yao yote, Ardis hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akamshika mkono, mbele ya jaji na serikali yake.

Uamuzi ulifika theluji ikiyeyuka: aliyeishi na mgonjwa na kujionea maumivu yake ni shahidi wa kuaminika, na haki ihesabiwe tangu siku ya ombi. Ardis akausoma kwa sauti, akaurudia.

"Umesikia? Ulikuwa mgonjwa."

"Nimesikia, mke wangu."

Nao waliobaki wakingoja majibu yao, Ee Mola, wape subira na mashahidi wakweli, wala siku zao za maumivu usiziache zikapotea. Amina.