Kila Mtu Achukue Chake

Mimi ndiye niliyeharibu. Naanza na hilo ili mtu asije akamsingizia Kasiva, wala Badawi, wala mzee Mwaro na viti vyake. Kikundi chetu cha akina mama hapa Matsangoni kina mwenyekiti mmoja tu, naye ni mimi, Mama Nyevu, na nikishasema jambo hakuna wa kunirudisha nyuma. Siku ile laiti wangenirudisha.

Habari ilikuja siku ya Alhamisi. Mwalimu mkuu alinipigia simu akasema watu wa ufadhili watafika Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Kasiva kumwona Kabibi. Kabibi ni binti yake wa pekee. Alikuwa amemaliza Gredi ya Tisa kwa alama ambazo shule yetu haijawahi kuziona, akapangiwa shule ya bweni iliyo mbali na hapa. Wafadhili wakikubali, wangemlipia karo mpaka amalize. Wakikataa, Januari ingemkuta machimboni na mama yake, akigonga kokoto. Hapakuwa na njia ya tatu. Baba yake alikwenda Mombasa kutafuta kibarua akasahau njia ya kurudi.

Nilikwenda mbio kwa Kasiva kumpa habari, na nilipoinama kuingia mlangoni nikasita. Nyumba ya udongo, makuti yameoza upande mmoja, ndani mkeka, kigoda, kibatari na sufuria mbili. Nilikuwa nimeingia mle mara mia, lakini siku ile niliiona kwa macho ya wageni.

"Wataketi wapi?" nikamuuliza.

Kasiva akatazama mkeka wake.

Kwetu mgeni haketi chini. Hata kama hujala tangu jana, mgeni ataketi juu, atakula, ataondoka akikusifu. Mimi nimelelewa hivyo, na hasira zilinipanda kufikiria watu wa kutoka Kilifi mjini wakikunja miguu sakafuni huku wanatuhurumia. Nikamwambia Kasiva aniachie mimi. Ndilo neno langu hilo, niachieni mimi, na waliowahi kuniachia wanajua.

Ijumaa tulibeba. Mwaro, anayetunza viti vya plastiki vya kikundi, vile tunavyotumia matangani, alileta vinane. Badawi mwenye duka la barabarani, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini na ambaye kwa ukarimu humshindi, alitoa sofa yake, chupa ya chai, bilauri sita na, kwa kuwa alikuwa ameshakolea, televisheni. Nilimwambia nyumba haina umeme. Akasema, "Si ya kutazamwa, Mama Nyevu, ni ya kupendeza." Mimi nilileta mapazia, leso mpya na viatu vya kumvika Kasiva, na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda changu miaka kumi na moja. Tuliliweka ukutani, nikalifunika kwa kitambaa cha kufuma, televisheni ikakaa juu yake.

Kabibi alirudi kutoka bombani na mtungi wa maji kichwani. Alisimama mlangoni, akavitazama vitu kimoja kimoja.

"Shikamoo, Mama Nyevu. Hivi vyote vya nani?"

"Marahaba. Vya wageni wako."

"Lakini wanakuja kuangalia tunavyoishi," akasema polepole. "Mwalimu alisema hivyo."

"Wanakuja kukuona wewe na akili zako. Tua mtungi, shingo itavunjika."

Akautua, ni mtoto mwenye adabu. Ningemsikiliza hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Jumamosi walifika saa nne. Walikuwa wawili. Mwanamume aliitwa Thuku, mtu wa bara, mpole, kichwa kimeanza mvi. Msichana aliitwa Cindy, yeye ni wa hapa hapa Kilifi, na mkononi alishika simu kubwa ambayo hakuiweka chini hata alipokuwa akisalimia. Tuliwaketisha kwenye sofa. Kasiva alimimina chai, akizishika bilauri za Badawi kwa mikono yake yenye sugu za nyundo. Majirani walijazana uani, maana nilikuwa nimewaalika pia.

"Tuna nyumba sita leo, na nafasi zilizobaki ni mbili," Cindy akasema. "Nyumba nyingine ziko Kibarani. Kwa hiyo nitauliza haraka. Nawaomba mseme ukweli tu. Ikionekana familia imedanganya, jina la mtoto linafutwa."

Akaanza. Aliuliza watu wangapi wanalala hapa, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani. Kasiva alijibu. Kisha Cindy akaacha kuuliza. Aliinua macho, akatazama sofa, akagusa simu. Akatazama mapazia, akagusa simu. Akavihesabu viti kwa kidole, akagusa simu tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliketi nyuma yake, nikaweza kuona kioo cha simu. Kulikuwa na orodha, na kila alichokigusa kilikuwa kinawekewa alama. Kiti cha sofa. Meza, yaani sanduku langu lililofunikwa. Nilikuwa nimempambia Kabibi nyumba ili anyimwe.

"Televisheni inawaka?" Thuku akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini Badawi alikuwa mlangoni, naye hakutaka mtoto wetu adharauliwe.

"Inawaka, bwana! Tena picha safi kabisa!"

Cindy akagusa simu.

Nilimfuata Kasiva jikoni nyuma ya nyumba, alikokuwa akipakua kuku. Nilimshika mkono.

"Kasiva, tumeharibu. Wanaandika kila kitu. Wanafikiri ni vyako."

Aliniangalia, upawa ukabaki hewani. "Basi waambie."

"Nikiwaambia, watasema tumewadanganya. Umesikia, jina linafutwa."

"Basi usiwaambie."

"Nisipowaambia, watampa mtu wa Kibarani."

"Mama Nyevu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "mimi sijui. Uliniambia nikuachie wewe."

Hakuna aliyewahi kunitukana zaidi ya hivyo. Nilisimama pale jikoni, moshi machoni. Nikakumbuka siku moja zamani. Mtu wa chifu alipita nyumba kwa nyumba kuuliza ni watoto gani wanahitaji msaada wa kwenda sekondari. Binti yangu Nyevu alikuwa amefaulu. Sanduku la shule nilikuwa nimeshamnunulia, na baada ya hapo sikubaki na kitu. Lakini nilikuwa nimevaa vizuri siku ile, na jirani walikuwa wakisikiliza. Nikamwambia sisi hatujambo, aende kwa wenye shida. Hatujambo! Nyevu sasa anakwangua chumvi huko Gongoni, na kila anayeniita mimi anataja jina lake.

Nikarudi ndani. Cindy alikuwa akizungumza na Kabibi, aliyesimama kando ya mlango mikono nyuma.

"Unasoma saa ngapi jioni?"

"Baada ya kupika, hadi duka lifungwe."

"Duka?"

"La Badawi. Nasomea barazani pake, kwenye taa ya nje."

Thuku aliweka bilauri chini. Akatazama televisheni, kisha akamtazama Kabibi. "Mbona usomee barazani, na hapa kwenu kuna umeme?"

 Kabibi alimtazama mama yake aliyekuwa akiingia na sinia, akamtazama Badawi mlangoni, halafu akanitazama mimi. Akisema hakuna umeme, amemfanya Badawi mwongo na mama yake tapeli. Akisema upo, amejinyonga mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na tano, na mimi ndiye niliyemweka hapo. Midomo yake ilianza kucheza, na nilijua akilia atalia kimyakimya, kama anavyofanya kila kitu.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga la kusema.

"Mwaro!" nikaita kwa sauti ya kikao. "Njoo uchukue viti vyako."

Mzee Mwaro alichungulia. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na wewe Badawi, njoo uchukue sofa. Kila mtu achukue chake."

Hakuna aliyesogea. Nilidhani nimewapoteza wote, Kabibi na heshima yangu kwa pamoja. Basi nikapanda juu ya kigoda nikavuta pazia langu, likashuka na kamba yake na vumbi la makuti. Ndipo Mwaro akaingia. Alivipachika viti kimoja ndani ya kingine, akatoka navyo bila kumtazama mtu. Badawi akaja na vijana wawili, akasimama mbele ya wageni wake, uso umemwiva.

"Samahani sana," akamwambia Thuku. "Hii mmekalia ni yangu."

Wakainuka. Sofa ikatoka, ikakwama mlangoni, ikageuzwa, ikatoka. Televisheni ikafuata, na Badawi akasema njiani, bila kuulizwa, kwamba mahali hapa haikuwaka hata mara moja. Bilauri zikatoka, chai ingalimo. Nyumba ikabaki na mkeka uliokunjwa pembeni, kibatari na ile sehemu ya paa inayoonyesha mbingu.

Kasiva alikuwa bado amesimama na sinia la kuku. Aliliweka chini, akainama, akavua viatu, akanikabidhi.

"Hata viatu si vyangu," akawaambia wageni. "Kuku ndiye wangu. Nilikuwa naye mmoja."

Cindy alikuwa ameduwaa, simu imelala kiganjani. "Lakini fomu nimeshaituma," akasema. "Sasa hivi tu. Imekwenda."

Nilishikilia ukuta.

"Kwa nini mlitufanyia hivi?" Thuku akaniuliza. Hakuwa mkali, na hilo lilinitisha zaidi.

"Hatukutaka kuwadanganya, baba," nikasema. "Tulitaka mpate mahali pa kuketi. Kosa ni langu peke yangu. Kama kuna jina la kufuta, lifute langu. Huyu mtoto aliniambia tangu jana nisifanye, nikamnyamazisha."

Thuku alitazama uani. Watu walikuwa wamesimama juani na vitu vyao mikononi, Mwaro na viti, Badawi na televisheni kifuani, hakuna aliyetaka kuondoka.  Kisha akavua viatu vyake, akaukunjua mkeka mwenyewe, akaketi, akavuta sinia.

"Jaza nyingine, Cindy," akasema. "Andika na haya tuliyoyaona, yote. Ofisini watauliza kwa nini zipo mbili, na siwezi kujua watasema nini." Akanigeukia. "Siwaahidi, mama. Msinishike kwa neno."

Walikula wakiwa wameketi chini. 

Walipoondoka, kila mtu alijitia shughuli. Nilikuwa naokota mapazia yangu Kabibi aliponigusa bega.

"Mama Nyevu, hujachukua sanduku lako."

Lilikuwa palepale ukutani, na kitambaa chake juu. Kabibi alikiondoa ili anikunjie, na chini yake, kwenye mfuniko wa buluu, kulikuwa na jina kwa rangi nyeupe, NYEVU, jinsi watoto wa bweni wanavyoandika wasiibiwe. Halikuwahi kupanda gari lolote lile sanduku. Kabibi alilisoma, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Si langu tena," nikamwambia. "Liache hapo."

"Na wasiponichukua?"

"Liache hapo, nimesema."

Siku kumi na mbili zilizofuata sizitamani tena. Nililala na simu chini ya mto. Ikilia ni Mwaro, anauliza kama wamepiga. Nikitoka ni Badawi, ananiita toka ng'ambo ya barabara, vipi, na mimi natikisa kichwa. Kasiva hakuuliza hata mara moja. Alikwenda machimboni alfajiri, akarudi, akapita mbele ya mlango wangu polepole ili kama lipo nimwambie. Kabibi alianza kwenda naye. Siku ya tatu nilimwona kidole kimefungwa kitambaa, nikageuza uso nisilie mbele yake.

Siku ya kumi na mbili nilichoka kuogopa. Nikampigia Nyevu huko Gongoni, nikamuuliza kuhusu sanduku. Akasema, "Mama, mimi nilidhani ulishalitoa zamani." Nikanunua kikopo cha rangi ya buluu na kidogo cha nyeupe, nikaenda kwa Kasiva nikaliburuta sanduku hadi uani. Nikafuta jina la mwanangu. Rangi ilipokauka, nikaanza kuandika jingine. Jibu lilikuwa halijaja, lakini nilijiambia ofisi isipompeleka tutampeleka sisi, hata ikibidi nibishe mlango kwa mlango niseme kwa mdomo wangu kwamba tuna shida.

Nilikuwa kwenye herufi ya tatu simu ilipolia.

"Mama Nyevu? Ni Cindy. Mwambie mama yake Kabibi aje Jumatatu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Amepata."

Sijui nilipiga ukelele gani. Najua kwamba Badawi alivuka barabara bila kutazama magari, na kwamba brashi ilinitoka mkononi ikashuka na rangi yake mpaka ukingoni. Kabibi akasema angeipenda ibaki vilevile. Kwa hiyo ukimwona msichana na sanduku la buluu huko bwenini, na herufi ya tatu ya jina lake ina mkia mrefu mpaka chini, ujue ni wetu.